Filamu Iliyosubiri Bei Ishuke

Mbithe aliponinyoshea kidole mbele ya baraza nzima, nilikuwa nimekaa nyuma kabisa juu ya mchanga wa mto, kofia machoni, nikijifanya nasinzia. Mtu aliyestaafu ana ruhusa ya kusinzia popote. Lakini kidole cha Mbithe si cha kupuuzwa. Kina miaka themanini, na sabini kati ya hiyo kimeshika jembe.

"Ushahidi upo," alimwambia chifu. "Siku tuliyomaliza huu ukuta tulipigwa picha, mawe yakiwa kwa vichwa vyetu. Picha yenyewe iko ng'ambo, Geneva, imetundikwa kwa ofisi kubwa. Aliyeipiga ni yule pale anayejifanya amelala. Ndululu, hebu simama."

Nikasimama. Magoti yalilalamika kabla yangu.

Ukuta aliousema ulikuwa hapo mbele yetu, umekatiza mto Kalindilo kutoka ukingo hadi ukingo, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Kyuso. Mto wetu hupitisha maji siku chache tu kwa mwaka. Siku zingine zote ni barabara ya mchanga. Ukuta huzuia mchanga, mchanga huficha maji, na mwezi wa tisa, wakati hata nyuki huenda kuomba maji kwa majirani, mwanamke huchimba hapa kwa mkono, hadi kiwiko tu, akajaza mtungi. Uondoe mchanga huo, utabaki na ukuta wa kuegemea.

Na mchanga huo ndio Nyamai alikuja kuutaka. Nyamai ni kijana wa miaka thelathini na miwili, mwenye malori mawili na viatu visivyopenda vumbi. Marehemu babake alikuwa kontrakta. Kijana alimpa chifu risiti ya saruji ya mwaka wa tisini na mbili, yenye jina la babake, akasema, "Mzee wangu ndiye alijenga hapa, na vibarua wake. Hii mchanga ni yetu na nitaiuza."

Kina mama wakapiga kelele kama kanga walioona mwewe. Saruji ilikuwa ya serikali, walisema. Babako aliileta tu kwa gari. Mawe na mchanga na maji ya kukorogea tulibeba sisi, wanawake arobaini na mmoja wa mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi, miezi mitano. Lakini daftari la kikundi lililiwa na mchwa zamani, na chifu ni mtu wa karatasi.

"Alhamisi ya wiki ijayo," chifu alisema. "Siku tisa. Mkileta hiyo picha, mchanga unabaki. Msipoleta, nitafuata karatasi niliyo nayo, na malori yaingie." Kisha akanigeukia. "Mzee, picha iko?"

"Iko," nikasema. Hapo sikudanganya.

"Iko Geneva?"

Hapo nikakohoa. Nilikohoa kwa muda mrefu mpaka mtu akaniletea maji.

Sasa niseme ukweli, kwa kuwa nimeshausema mahali pabaya zaidi kuliko hapa.

Nilikuwa dereva wa lori la maji, idara ya maji, Makueni. Miaka ishirini na sita nilipeleka maji Kibwezi, Kathonzweni na kwingine ambako barabara ilikuwa ni maoni ya mtu tu. Huko mjini Wote nilinunua kamera kwa mpima ardhi aliyekuwa anahamishwa. Alinipa kamera, kopo jeusi la kusafishia filamu, filamu mbili za picha thelathini na sita, na kijitabu cha maelezo kilichokuwa kimekatika nusu ya kwanza. Kwa hivyo mimi nilijua kumaliza picha kabla sijajua kuianza.

Nilipokuja likizo mwaka wa tisini na mbili, kina mama walikuwa wanaweka mawe ya mwisho. Mwethya wao ulikuwa na sheria moja ya kukosa kazi: ukikosa siku, unalipa jiwe. Si pesa, si kuku. Jiwe, na kiongozi ndiye anayelipima kwa macho. Kiongozi alikuwa Mbithe, na macho yake hayakuwa na huruma. Niliwapiga picha siku nzima, filamu moja ikaisha. Wakaniambia, "Ndululu, tuletee picha." Nikasema, "Nitaleta."

Tatizo likawa kuisafisha. Ilibidi filamu iende Nairobi kwa basi, isafishwe, irudi, na bei niliyotajiwa ilikuwa ya mbuzi jike mwenye mimba. Nikasema, kwa nini nisingoje? Vitu vikiwa vingi bei hushuka. Mwaka uliofuata ikapanda. Nikangoja tena.

Kina mama wakauliza. Nikasema iko Nairobi. Wakauliza tena, nikasema Nairobi wameipenda. Kuanzia hapo ile picha ikaanza kusafiri yenyewe, mimi nikiifuata tu kwa mdomo. Mwaka wa tisini na tano ilifika Mombasa. Tisini na nane ilipanda ndege. Ilipofika Geneva nikaona imechoka, nikaitundika huko. Niliwaambia wazungu wa ofisi hiyo wakipita mbele yake huvua kofia, na mmoja mwenye upara, kwa kukosa kofia, huinamisha kichwa chote. Mbithe aliwasimulia wajukuu zake hayo. Wajukuu wakawasimulia walimu.

Na muda wote huo filamu ilikuwa ndani ya kopo la mafuta ya kupikia, chini ya ghala langu, imefunikwa na jivu.

Nilifika nyumbani nikaanza kuhamisha magunia ya ndengu. Kaluki, mke wangu, alisimama mlangoni na mikono kiunoni.

"Baba Mutisya, unatafuta nini huko?"

"Geneva," nikasema.

Alicheka mpaka akakaa chini. Kaluki ndiye mtu pekee aliyejua, na miaka yote hakutoboa siri. Aliniambia tu kwamba siku moja ule uongo utarudi nyumbani na njaa.

Kopo nilifungua pale pale. Filamu mbili, ile iliyopigwa na ile mpya, zilikuwa kavu na baridi kama macho ya mjusi. Kesho yake nilipigia duka moja la picha Nairobi. Binti aliyepokea alikuwa na sauti tamu na bei chungu. Elfu mbili na mia nane, wiki tatu, na kwa filamu ya zamani hivyo hawaahidi chochote.

"Binti yangu," nilimwambia, "nauliza bei ya kusafisha filamu, si ya kununua duka."

"Ndiyo bei, mzee. Na inapanda mwezi ujao."

Wiki tatu nami nina siku nane! Nikakata simu nikaamua: filamu hii nitaisafisha mimi, hapa, kwa vitu vya dukani kwa Abdifatah. Nilikuwa nimewahi kuona kwa simu ya Kaluki mzee mmoja wa ng'ambo akisafisha filamu kwa kahawa ya unga, soda ya kufulia na vitamini C. Kama kahawa inaweza kufanya kazi hiyo kwa wasioilima, itashindwaje kuifanya hapa? Soda ya kufulia hatuna, lakini tuna magadi, na magadi ni ukoo mmoja na hiyo soda. Na filamu ile ya pili, isiyopigwa, ilikuwa na umri ule ule na ilikuwa imelala kopo lile lile. Hiyo ningeitumia kujifunza. Ile ya kina mama ingeguswa mara moja tu.

Abdifatah ana duka Kyuso tangu baba yake alipokuja na ngamia watatu. Anauza kila kitu kuanzia sindano hadi jeneza la kuagiza, na kwenye kona ana mashine ya kutoa kopi na kuchapisha.

"Kahawa?" alishangaa. "Mzee Ndululu, wewe miaka yote unakunywa chai ya watu."

"Nipe ile ya bei ya chini kabisa. Ile mbaya."

"Wallahi ninayo moja hata panya wameikataa."

"Hiyo hiyo." Yule mzee wa ng'ambo alisema kahawa mbaya ndiyo nzuri kwa kazi hii. "Na magadi, na chumvi, na vidonge vya vitamini C."

Aliviweka mezani, akavitazama, akanitazama. "Unapika nini, mzee?"

"Wanawake arobaini na mmoja."

Aliondoa mkono wake kwenye chumvi pole pole.

Ilibaki dawa ya mwisho, ile inayofanya picha isimame isiharibiwe na mwanga. Nilipanda boda hadi Mwingi, kwenye kliniki moja ya watu binafsi iliyoacha eksirei za filamu ikahamia za kompyuta. Mfagiaji alinipa nusu mtungi wa dawa hiyo iliyokuwa inangoja kumwagwa. Bure. Nilimwahidi kumpiga picha, naye akaniomba nisimtundike mbali sana. Sifa zangu zilikuwa zimefika Mwingi.

Nikapiga picha thelathini na sita kwa ile filamu ya kujifunzia, kila moja nikiifikiria kwanza kama mtu anayechagua mchumba, kwa sababu filamu nyingine ya namna hiyo sasa ni bei ya godoro. Kaluki akichambua ndengu. Kaluki akikataa kupigwa. Mbuzi. Abdifatah na mizani yake. Kisha nikajifunika kifuani koti zito la mtumba la Kaluki kinyume, mgongo mbele, nikaingiza filamu na kopo na makasi ndani, nikapitisha mikono kwenye mikono ya koti kutoka nje, nikakaa ghalani giza totoro nikifanya kazi kwa vidole tu. Nilikata filamu vipande vinne. Jua la Kyuso likipata tundu la sindano litaingia na familia yake yote, kwa hivyo kila kishimo cha koti nilikiziba kwa unga wa ugali uliokandwa.

Kipande cha kwanza nikakisafisha siku hiyo hiyo. Nilisaga magadi, nikakoroga na kahawa na vitamini, harufu ikatoka ambayo ilimfanya jogoo ahame. Dakika kumi na tano ndani ya kopo, nikitikisa kila dakika. Nikamwaga, nikatia dawa ya kliniki, nikafungua.

Kitupu. Plastiki safi kama kioo cha dirisha.

"Labda mbuzi alisogea," Kaluki alisema.

Sikulala vizuri, ingawa nilisema nimelala. Asubuhi nilikuwa nimekaa jikoni nikilitazama lile jiwe la magadi kwa chuki, Kaluki akipika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa. Alivunja kipande cha magadi, kikamponyoka, kikaangukia kikaango cha moto. Kikalia chrrr, kikatoa mvuke, kikatulia, kikawa unga mweupe.

"Ilikuwa na maji ndani?" niliuliza.

"Kwani hujui? Magadi mabichi yamejaa maji na pumzi. Ukiyakaanga yanakuwa makali hata mara mbili. Marehemu mama alikuwa anayakaanga ndipo anapikia mbaazi ngumu." Akanitazama. "Miaka arobaini na nne unakula mbaazi laini hujawahi kuuliza?"

Sikuwa nimeuliza. Nikakaanga magadi yote hadi yakaacha kulia.

Kipande cha pili kikatoka cheusi tii, kichwa hadi mguu.

"Sasa wote wamekuja," Kaluki akasema, "na wamekuja na giza lao."

Niliketi nikafikiri. Ilikuwa Jumamosi, siku tano zimebaki. Nguvu sasa ilikuwepo; ilizidi. Yule mzee wa ng'ambo alisema maji yawe baridi, nami nilikuwa nimechota kwenye tangi la mabati lililosimama juani. Nikatia ndani kile kipimajoto chetu cha homa. Chenyewe huanza kuhesabu thelathini na tano. Kikapanda hadi thelathini na tisa. Maji yangu yalikuwa na malaria!

Kaluki ana nyungu ya maji ya kunywa, ya udongo, kivulini, imezungushiwa gunia bichi. Maji yake ya alfajiri yanauma meno. Nikayaomba.

"Ya kunywa haya, Baba Mutisya."

"Mama Mutisya, Alhamisi malori yakiingia hutakuwa na ya kunywa wala ya kuosha vidonda vya kuchimba."

Akaniletea mwenyewe, kwa kata, na akaongeza neno: zile chumvi umenunua ni za nini? Nilikuwa nimezisahau. Chumvi hii yetu ya madini joto, alisema yule mzee, kidogo tu, huzuia filamu ya zamani isifanye ukungu. Nikatia kijiko.

Likazuka jambo lingine. Simu, iliyokuwa saa yetu, ilizima, na stima hatuna. Dakika kumi na tano nitazihesabu vipi? Kaluki akasema kwaya yao ina wimbo wa beti sita ambao mchungaji alipima siku ya mashindano: dakika tano kamili, wala hawakupewa tuzo. Akauimba mara tatu. Mimi nilitikisa kopo kila kiitikio. Mpaka leo nikisikia wimbo huo kanisani mkono wangu unatikisika peke yake.

Kipande cha tatu kilitoka na watu. Nilikiinua kwenye mwanga wa mlango nikamwona Abdifatah kichwa chini miguu juu, mweupe mahali pa mweusi, lakini ni yeye, na mizani yake. Ilikuwa hafifu. Kipande cha nne nikakiongezea ubeti mmoja wa wimbo, kikatoka vizuri hata ndengu ukaweza kuzihesabu.

Sasa sikuwa na kipande kingine.

Jumatatu alfajiri nilivaa koti. Nilikuwa nimeacha kusema uongo kwa siku mbili nzima, Kaluki akadhani naumwa. Ndani ya koti filamu ya kina mama ilikuwa imejikunja kwa ubishi wa miaka thelathini na miwili, ikakataa kuingia kwenye gurudumu la ndani ya kopo. Niliingiza inchi moja, ikaruka. Nikaingiza tena. Jasho lilinishuka machoni na sikuwa na mkono wa kulifuta. Nilikaa hivyo, nafikiri, karibu saa nzima, vidole vyangu vikizungumza na kitu nisichokiona. Kaluki aliniuliza kupitia mlango kama niko hai. Nikamwambia aandae sauti.

Kahawa ya panya, magadi ya kukaanga, vidonge kumi vilivyosagwa, kijiko cha chumvi, maji ya nyungu. Kaluki akaimba mara tatu na ubeti mmoja. Alipofika mwisho hakukaa chini. Nikamwaga, nikasuuza, nikatia dawa ya kliniki, nikangoja, nikafungua.

Zaidi ya nusu ya filamu ilikuwa imekufa, nyeusi kama sufuria. Picha kumi na nne tu ziliishi, nyuma ya ukungu kama wa Julai. Lakini nyuma ya ukungu huo walikuwa wamesimama kwa mstari, kutoka ukingo hadi ukingo, kila mmoja na jiwe kichwani.

Kaluki alizishika pembeni kwa ncha za vidole. "Huyu ni mimi," alisema. Na alikuwa yeye, wa tano kutoka kushoto, mwembamba kama fito. Nilikuwa nimesahau kwamba alikuwepo. Hilo sikumwambia.

Abdifatah aliibandika filamu kwenye dirisha juu ya karatasi nyeupe, akaipiga picha kwa simu, akageuza nyeusi kuwa nyeupe, akachapisha kurasa nne kubwa. Shilingi ishirini kila ukurasa. Nilijaribu kupunguziwa.

"Mzee," alisema, "mimi nimetokea kwa filamu yako ya majaribio bila malipo. Toa themanini."

Nikatoa. Kazi yote, pamoja na boda ya Mwingi, haikufika bei ya yule binti wa sauti tamu hata robo.

Alhamisi mchanga ulijaa watu. Malori mawili ya Nyamai yalikuwa yameegeshwa ukingoni, matupu, pua zikitazama mtoni. Chifu alipokea karatasi zangu, akazitazama muda mrefu. Kina mama tisa waliobaki wa ule mwethya, wengine kwa mikongojo, walizungukana wakitajana. "Huyu si Mukai?" "Niko wapi mimi? Mbona nimekatwa?" Mbithe alisimama karibu nami. Alikuwa anatabasamu kama mtu aliyepata barua kutoka Geneva.

Nyamai alichukua ukurasa mmoja, akaucheka. "Chifu, hii ni kompyuta. Siku hizi mtu anaweza kuweka nyanya yangu juu ya mwezi. Na huyu mzee tunamjua sote. Si ndiye alisema aliendesha lori la maji kutoka Wote hadi Kibwezi bila injini?"

"Ilikuwa mteremko," nikasema. Watu wakacheka, na nikasikia jinsi kicheko kile kilivyokuwa kinanifunga kamba.

Chifu hakucheka. "Mzee Ndululu, wamekutumia lini hii picha kutoka ng'ambo? Uko na bahasha yake? Barua?"

Mbithe alinigeukia akiningojea nitoe bahasha.

Ningeweza kuitunga. Nilikuwa nayo mdomoni tayari, na stempu yake, na jina la karani. Lakini bahasha ya uongo ingempa Nyamai alichotaka. Kitu kimoja tu kilichokuwa mfukoni mwangu ndicho ambacho kompyuta haiwezi kukitengeneza, na singeweza kukitoa bila kusema kilikuwa wapi muda wote huo.

"Haikutoka Geneva," nikasema. "Haijawahi kwenda Geneva. Haijawahi hata kufika Mwingi. Ilikuwa chini ya ghala langu, kwa kopo la mafuta, haijasafishwa. Nilikuwa nangoja bei ishuke."

 Kisha mtu nyuma akasema, "Sasa hapo anadanganya," na baraza yote ikaangua kicheko. Miaka thelathini na miwili nimedanganya nikaaminiwa; siku moja nasema ukweli, nachekwa.

Mbithe hakucheka. Tabasamu lilikuwa limemtoka.

Nikatoa filamu yenyewe, nikaikunjua, nikamkabidhi chifu. "Inua juu. Hiyo si karatasi ya kuchapa. Tazama pembeni, kuna nambari, moja hadi thelathini na sita. Hizi nyeusi zimeharibika kwa uzee, kwa makosa yangu. Zilizobaki ni siku moja, kutoka asubuhi hadi jioni. Ukuta unapanda picha kwa picha. Hebu mtu anionyeshe kibarua hapo ndani. Hata mmoja."

Chifu aliinua. Mkono ulipochoka akampa Nyamai. Nyamai aliipandisha kuelekea jua, bado ana kicheko pembeni ya mdomo, akapita picha ya kwanza, ya pili. Kwenye nambari ya kumi na tisa akasimama.

"Huyu ni nani? Mwenye mtoto mgongoni."

Mbithe alisogea, akachukua ile karatasi iliyochapishwa yenye picha hiyo, akaishika mbali kidogo na macho yake. "Huyo ni Syokau."

Nyamai aliirudisha filamu kwenye jua.

"Mamako," Mbithe akasema. "Alikuwa mke wa kontrakta na bado alikuja kila siku, hakukosa hata moja. Tulimwambia, wewe una mtoto mchanga, kaa kivulini utupikie. Akasema atabeba wote wawili, jiwe juu na mtoto nyuma. Na hicho kichwa kinachotokea kwa leso ni chako. Ulikuwa unalia sana. Ulitusumbua."

Syokau alifariki Nyamai akiwa na miaka miwili. Babake alioa tena akahamia mjini, na kama kulikuwa na picha yake, haikuhamia nao. Hilo wazee wote hapo walilijua. Nyamai aliichukua karatasi kutoka kwa Mbithe, akaitazama, kisha akaenda kusimama mbali kidogo, akitugeuzia mgongo, na vile viatu vyake vikazama mchangani hadi kamba.

Alirudi akamwambia chifu maneno mafupi. "Risiti nirudishie." Alipoipata akaikunja akaitia mfukoni. Kisha akanijia mimi. "Mzee, nataka moja kubwa. Safi. Ya fremu. Nitalipa bei yoyote."

Ningeweza kumtajia ile ya mbuzi mwenye mimba. Nilimtazama yule mtoto aliyekuwa analia, nikasema, "Bei ni malori yako. Yarudi matupu leo."

"Leo yatarudi matupu," alisema. "Na wiki ijayo yatakuja na mawe. Bawa la ukuta la kule kushoto limeliwa na maji, nimeliona nikija."

Chifu aliandika, watu wakapiga makofi, mimi nikaanza kurudi nyuma pole pole kuelekea njia ya nyumbani.

"Ndululu."

Nikasimama.

"Miaka mingapi?" Mbithe aliuliza.

"Thelathini na miwili, mwaitu," nikasema, kama mtoto anayemwita mamake.

"Wajukuu wangu wameniandikia insha shuleni juu ya yule mzungu mwenye upara."

"Najua, mwaitu."

"Ulipewa kazi na mwethya. Hukuimaliza siku yake." Aliwageukia wale wenzake wanane. Hawakunong'onezana hata, waliinua vidole tu, kila mmoja. "Sheria unaijua. Jiwe moja kwa kila mwaka. Na lori la Nyamai halitakusaidia, utatoa kwa kilima kile na utabeba kwa kichwa."

"Mwaitu, nina miaka sabini na moja."

"Syokau alikuwa na mtoto."

Kwa hivyo ndivyo ilivyo. Nabeba asubuhi, kabla jua halijakasirika, jiwe moja kwa siku. Kaluki amenisukia kata ya kuwekea kichwani, na ananiimbia ule wimbo kutoka mlangoni ili nisilale njiani. Mbithe huniletea kigoda chake ukingoni, lakini ni yeye hukikalia. Jana nilifikisha la kumi na nne, kubwa kama kondoo, nikalitua kwenye bawa jipya la ukuta huku mifupa ikinisemea.

Mbithe alilitazama kwa jicho moja.

"Hilo ni dogo," alisema. "Halihesabiwi. Bado uko kumi na tatu."

Nimeleta kamera leo. Imebaki na filamu moja, ya msaada kutoka kwa Nyamai, picha thelathini na sita. Nimepanga kumpiga Mbithe moja tu, akiwa juu ya kigoda, siku nitakayolitua la thelathini na mbili, na nitaisafisha jioni hiyo hiyo. Kahawa nimeshanunua.